KOFIA YA MCHIMBAJI SI SADAKA

Kuna msemo uliozoeleka mno katika nchi yetu, nao ni huu: ajali haina kinga. Msemo huo husemwa msibani ili kuwatuliza wafiwa, na hapo hatuna ugomvi nao. Lakini siku hizi twausikia ukisemwa mahali pengine kabisa. Twausikia kwa mwenye duara la dhahabu anapoulizwa kwa nini watu wake wanaingia shimoni vichwa wazi. Twausikia kwa mwenye karasha anapoulizwa kwa nini vijana wake wanameza vumbi tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Sisi twasema kwamba msemo huo, ukitumiwa hivyo, si maneno ya faraja tena. Ni maneno ya kukwepa deni. Ajali nyingi za machimboni zina kinga. Kinga hizo zina majina, zauzwa madukani, na zimetajwa katika sheria za nchi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzilipia.

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha maana ya dhahabu. Katika miaka ya 1930, wakoloni walipokuwa wakihesabu utajiri wa Tanganyika, machimbo ya Musoma yalitajwa pamoja na yale ya Lupa na ya Geita. Kiabakari ilichimbwa mpaka katikati ya miaka ya 1960. Buhemba ilichimbwa zamani za ukoloni, ikaja ikachimbwa tena na kampuni ya Meremeta mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu eneo likawa mikononi mwa shirika letu la umma la STAMICO, na wachimbaji wadogo nao wakaendelea kutafuta riziki yao pale. Huko Bunda wananchi wanachimba Kinyambwiga. Na vijana wa Buswahili, ambao baba zao walilima na kufuga katika bonde la Mto Mara, mvua zikigoma huweka jembe darini na kushika njia ya machimboni. Hatuwalaumu. Mtu huenda palipo na riziki. Lakini twauliza: kijana huyu anayeondoka kwao akiwa na mapafu mazima na mikono isiyotetemeka, atarudi akiwa na nini?

Katika kazi yetu ya kuzungukia matawi tumepita katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, na hali tuliyoiona haitofautiani sana kutoka duara moja hadi jingine. Mtu hushuka kwa kamba au kwa kukanyaga magogo, tochi imefungwa kichwani kwa mpira, miguuni amevaa ndala au raba zilizochanika, mkononi hana kitu ila moko na nyundo. Kofia ngumu mara nyingi ipo, lakini ni moja, nayo imetundikwa msumarini bandani. Hiyo ni ya mgeni. Mkaguzi akija huvishwa, kiongozi akija huvishwa, mpiga picha akija huvishwa. Aondokapo kofia hurudi msumarini, na mchimbaji hushuka na nywele zake. Ndugu wasomaji, kichwa cha mgeni ambaye atakaa robo saa juu ya shimo kimezidi kwa thamani gani kichwa cha mtu ashindaye humo kutwa?

ADUI ASIYEONEKANA

Jiwe likianguka kila mtu huona, na mayowe hupigwa. Lakini adui mkubwa wa mchimbaji hapigi mayowe. Dhahabu yetu hukaa ndani ya miamba migumu yenye silika. Mwamba huo ukitobolewa, ukipondwa na kusagwa, hutoa vumbi jembamba ajabu. Lile unaloliona limetanda kwenye nyusi za vijana si baya zaidi. Baya zaidi ni lile usiloliona, ambalo hupita puani, hupita kooni, likaenda kutua ndani kabisa ya mapafu. Likishafika huko halitoki. Mwili hujaribu kulizungushia makovu, kovu juu ya kovu, mpaka mapafu yawe magumu kama ngozi iliyokauka juani. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu, maana mapafu yaliyojaa silika hushindwa kupigana na vijidudu vyake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima vumbi hilo katika machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Kwa watu wanaotoboa miamba chini ya ardhi, silika iliyokuwa hewani ilikuwa zaidi ya mara 300 ya kiwango ambacho wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanashauri kisizidiwe. Kwa wale wa juu ya ardhi ilikuwa kiasi cha mara 4. Tuisome tena hesabu hiyo polepole. Si mara mbili, wala si mara kumi. Mtu akikunywesha pombe mara 300 ya ile unayoweza kuistahimili, hatutaiita hiyo ajali.

Na ugonjwa huu hauji kwa siku moja. Mtu huvuta vumbi leo akaanza kukohoa baada ya miaka, akiwa amekwisha kurudi kijijini, ameoa na ana watoto. Hapo ndipo pumzi humwishia akipanda kilima kidogo. Jembe humshinda. Majirani hunong'ona kwamba amelogwa na ndugu zake kwa wivu wa fedha za dhahabu, na mbuzi wachache aliobaki nao huishia kwa waganga. Hakuna anayelikumbuka karasha. Mwenye karasha naye amekwisha jenga nyumba mjini, na jina la mgonjwa halimo katika daftari lake, maana daftari hakuwa nalo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata mtu bila daftari huisha bila habari.

Adui wa pili ni zebaki. Twajua sote inavyotumika: mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki katika karai, nayo hushikamana na dhahabu, halafu donge lile huwekwa motoni, zebaki ikaondoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono mitupu. Mara nyingi hufanywa nyumbani, kwenye jiko lile lile linalopikiwa ugali, mama akiwa na mtoto mgongoni. Moshi wa zebaki hauna harufu ya kumwonya mtu. Huingia mapafuni, kutoka hapo huingia katika damu na ubongo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, akili husahau. Mama mjamzito huipitisha sumu hiyo kwa mtoto aliye tumboni, ambaye hajachimba hata gramu moja.

Wajapani walijifunza jambo hili kwa machozi. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na ni jina la mji huo lililopewa mkataba wa mataifa wa kupiga vita zebaki uliopitishwa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sisi tunaokula sato, sangara na dagaa wa Ziwa Viktoria, na ambao mito yetu yote ya Mara humalizikia ziwani humo, hatuna sababu ya kungoja tufundishwe somo hilo mara ya pili.

NANI ALIPE?

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ina kanuni zake za usalama na afya, nazo zinamgusa mwenye leseni. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1995 kwa ajili ya migodi, unasema wazi kwamba pale ambapo hatari haiwezi kuondolewa kwa njia nyingine, mwajiri atatoa vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kwa hiyo maneno yapo. Kwa nini basi kofia haipo?

Kofia haipo kwa sababu machimboni hakuna anayekubali kuitwa mwajiri. Mwenye leseni husema: mimi ni mwenye eneo tu, waulizeni wenye maduara. Mwenye duara husema: mimi sina wafanyakazi, hawa ni washirika wangu, tunagawana viroba. Mwenye karasha husema: vijana hawa hawakuajiriwa, wanakuja wenyewe asubuhi. Na mchimbaji akiulizwa husema: mimi nangoja mgawo, nikipata nitanunua. Basi jukumu huzungushwa kama mpira wa vitambaa, kila mtu anaupiga teke kwa mwenzake, mpaka jioni mpira ukaangukia kichwani mwa yule asiyekuwa na kofia.

Twataka wasomaji wetu walitazame vizuri neno hili mgawo, maana ndani yake kuna ujanja. Mgawo ni desturi nzuri ikiwa washirika ni washirika kweli. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Kabla viroba havijagawanywa, gharama za duara hutolewa kwanza. Dizeli ya jenereta na ya pampu hutolewa kwanza. Baruti hutolewa kwanza. Magogo ya matimba hutolewa kwanza. Hakuna mwenye duara anayesema kila mchimbaji aje na dizeli yake kutoka nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu bila dizeli duara halitoi dhahabu. Bali bila kofia duara linatoa dhahabu kama kawaida. Anayepungua ni mtu tu, na mtu mwingine anasubiri juu ya shimo. Hapo ndipo palipo na unyonyaji, ndugu zetu. Chombo kinacholinda dhahabu kimeandikwa katika gharama za wote, na chombo kinacholinda uhai kimeandikwa katika mfuko wa kabwela.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mfupi. Kofia, buti, glovu, miwani na barakoa ziandikwe pamoja na dizeli na baruti. Zitolewe kabla ya mgawo. Si zawadi ya mwenye duara, si ukarimu wa mwenye leseni, wala si sadaka ya mheshimiwa aliyekuja na gari na mpiga picha. Ni gharama ya kazi. Mtu haambiwi asante kwa kununua gharama.

Yupo atakayesema: wachimbaji wadogo ni maskini, msiwabebeshe mizigo ya makampuni makubwa. Hoja hii tunaiheshimu, kwa kuwa wengi wa wanaoisema ni wenzetu, na ni kweli kwamba yapo maduara yanayochimbwa miezi mingi bila kuona chochote. Lakini tupige hesabu. Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 3,000 kwa wakia, yaani karibu dola 100 kwa gramu moja. Gramu moja hiyo yanunua kofia ngumu zaidi ya tano. Duara ambalo halijawahi kupata gramu chache za kuwavisha watu wake, lakini lapata za kununulia baruti, halina umaskini wa fedha. Lina umaskini wa kujali.

Yupo pia atakayesema kwamba wachimbaji wenyewe hawapendi kuvaa. Wasema barakoa yaleta joto, glovu zateleza, kofia yagonga dari la shimo. Hilo nalo si uongo. Lakini sababu zake mara nyingi ni kwamba vifaa vyenyewe ni vibovu au havifai kwa kazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la silika. Lahitajika barakoa yenye chujio, mfano wa ile ya N95 tuliyoizoea wakati wa korona, nayo ibadilishwe ikichafuka, si kuvaliwa mwezi mzima mpaka iwe nyeusi. Na barakoa hiyo ya vumbi haizuii hata kidogo moshi wa zebaki. Buti la namba 10 halimfai mama wa mguu namba 5, na akina mama wanaoponda na kuchekecha mawe machimboni ni wengi. Mpe mtu kifaa kinachomtosha na kinachofanya kazi, mweleze sababu yake kwa lugha yake, halafu uone kama atakitupa.

Na tukizungumzia watoto, tusieleweke vibaya. Hatuombi kofia ndogo za watoto. Mtoto hana kofia ya machimboni inayomfaa, kama vile hana duara linalomfaa. Kofia yake ni dawati la shule.

KOFIA HAIZUII MLIMA

Pamoja na hayo yote, tungekuwa tunawadanganya wananchi kama tungesema kwamba kofia ndiyo mwisho wa mambo. Mwezi Januari 2024, katika mkoa jirani wa Simiyu, machimbo yaliporomoka wakati wa mvua na watu 22 wakafa. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangarata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Nchi nzima ilistaajabu, na ilikuwa haki kustaajabu. Lakini nchi isijenge usalama wa watu wake juu ya maajabu. Udongo wa mlima mzima ukishuka, kofia ya plastiki haiuzuii.

Ndiyo maana ule mkataba namba 176 umeyapanga mambo kwa utaratibu. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Kama haiondoki, idhibiti pale inapoanzia. Kama bado ipo, ipunguze kwa namna ya kufanya kazi. Na hatari itakayobaki baada ya hayo yote, hapo ndipo mvishe mtu vifaa. Kwa lugha ya machimboni ni kusema hivi: usichimbe ukuta uliopasuka, tena usichimbe mvua zikiwa zimelowesha ardhi. Weka matimba kabla ya kuendelea mbele. Mwagia mawe maji kabla na wakati wa kuyasaga, maana vumbi lililolowa halipai. Hamisha karasha mbali na makazi na mahali pa kulia chakula. Unguza donge la zebaki ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba, ambacho huukamata moshi na kuurudisha kuwa zebaki, ili isimdhuru mtu na tena itumike upya. Halafu ndipo uvae kofia.

Kwa hiyo tujihadhari na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule asiyetoa kofia kabisa. Wa pili ni yule anayetoa kofia ili asiulizwe habari za matimba. Huyu wa pili ni mjanja zaidi, maana picha yake hupendeza.

DENI HALIOZI

Wapo wanaodhani kwamba mapafu ya kabwela ni kitu cha kutupwa, na kwamba deni lake hufa pamoja naye. Watazame Afrika Kusini. Kwa miaka mingi migodi ya dhahabu ya huko ilikusanya watu kutoka nchi nyingi za Afrika, hata kutoka Tanganyika kupitia lile shirika la kuajiri lililoitwa Wenela, mpaka tulipopata uhuru mwaka 1961 na nchi yetu ikaukatisha mpango huo. Watu walikwenda wazima wakarudi na vifua vibovu. Wengi walizikwa bila mtu kulipa kitu. Lakini wagonjwa na wajane walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 makampuni sita ya dhahabu yalikubali suluhu ya randi bilioni 5, ambayo mahakama kuu ya Johannesburg iliidhinisha mwaka 2019, kwa ajili ya wenye silikosisi na kifua kikuu cha migodini na familia za waliokufa. Deni lilikuwa la miaka ya 1960, likadaiwa na watoto na wajukuu. Wenye maduara wa leo na wayafikirie hayo.

Hapa kwetu upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Ni chombo kizuri. Lakini chombo hicho humjua mfanyakazi aliyeandikishwa na mwajiri wake. Mchimbaji asiye na mkataba, asiye na jina daftarini, ambaye akiulizwa ni nani aliyemwajiri hutaja jina la utani, atafikaje kwenye dirisha la mfuko huo? Daftari la majina, basi, nalo ni kifaa cha kujikinga. Hulivai kichwani, lakini hukulinda siku ambayo kichwa kimeumia.

Kwa sababu hizo tunayataka mambo matano, nayo hayahitaji wafadhili kutoka ng'ambo wala semina katika hoteli.

Kwanza, kila duara na kila karasha liwe na maandishi ya mgawo, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari la shule, na vifaa vya kujikinga vitajwe humo kuwa gharama za kazi zinazotolewa kabla ya kugawana. Maandishi hayo yasainiwe mbele ya serikali ya kijiji.

Pili, kila anayeshuka shimoni aandikwe jina, kijiji atokacho na jina la ndugu yake, na akipanda atiwe alama kwamba amepanda. Duara ambalo halijui lina watu wangapi chini lisiruhusiwe kuchimba.

Tatu, tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini, ambako dhahabu hupimwa mpaka sehemu ndogo ya gramu ili Serikali ipate mrabaha wake. Jambo hilo ni jema. Lakini Serikali inayoweza kuipima dhahabu namna hiyo haishindwi kuhesabu kofia. Tunaiomba Tume ya Madini na Wakala wa OSHA wafike juu ya shimo bila kutoa taarifa ya siku tatu, maana taarifa hiyo ndiyo inayoishusha ile kofia moja kutoka msumarini.

Nne, kliniki za kifua zisiwangoje wachimbaji mjini. Upimaji wa kifua kikuu na wa silikosisi uende machimboni kwa ratiba inayojulikana, na mganga anapomwona mgonjwa wa kikohozi amwulize swali moja zaidi: umewahi kufanya kazi ya kusaga mawe?

Tano, vyama vya wachimbaji na chama cha wafanyakazi wa migodi, TAMICO, visiishie kwenye malango ya migodi mikubwa. Mtu mwenye moko ni mfanyakazi kama mwenye mtambo.

Na mwisho tuna neno kwa wanachama wetu wenyewe. Miongoni mwao wapo wenye leseni, wapo wenye maduara, na wapo wenye makarasha. Hakuna kosa mwanachama kuwa na duara. Kosa ni kukaa katika mkutano wa tawi ukapiga makofi kwa habari za usawa, halafu ukaondoka ukamshusha mtoto wa mwenzako shimoni kichwa wazi. Kadi ya Chama mfukoni haimfuniki mtu kichwa. Matawi ya Musoma, Bunda na Butiama yawaulize wanachama hao, kwa heshima na bila kuogopana, swali hili moja: watu wako wangapi, na kofia zako ngapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na mkutano ujao lisomwe tena.

Ardhi hii ya Butiama ndiyo aliyozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na ndiyo anamolala tangu mwaka 1999. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataa mtu aishiye kwa jasho la mwenzake. Umbali kutoka kaburi lake mpaka machimbo ya Buhemba si mrefu. Ingekuwa aibu kubwa kama katika wilaya hiyo hiyo jasho lingekuwa limepata mnunuzi, gramu kwa gramu, na pumzi ya aliyelitoa ikakosa hata kitambaa cha kuichuja.

Ndugu wachimbaji, msingoje hisani. Mwenye duara akikuambia ushuke, mwulize kofia yako iko wapi. Ukiuliza peke yako atakufukuza, kwa hiyo ulizeni wote, kabla hata mmoja hajashika kamba. Shimo haliwezi kuchimbwa na mwenye leseni peke yake.

UHURU NA KAZI, na kazi isiyoua.